Mashine ya Shimanzi Ilitiwa Roho Lini

Dzoro wa Karisa aliipiga ngumi kompyuta ya kwanza aliyoiona maishani mwake, na kompyuta ikamvunja vidole viwili. Ilikuwa Januari ya mwaka 1967, ndani ya ghala moja Shimanzi, na kwa haki ya Mungu ni yeye aliyeanza. Lile kabati la chuma, refu kama kabati la nguo la bibi harusi, lilikuwa limeshushwa tu kwenye lori na kuegemezwa ukutani. Halijamkosea mtu. Dzoro akauliza ni kitu gani hicho. Akaambiwa ni mashine ya kuhesabu magunia.

"Magunia nahesabu mimi," akasema, akarusha mkono.

Kuyaeleza maisha ya mtu huyu bila kutaja ngumi ni kama kueleza pilau bila kutaja wali. Alizaliwa Rabai, akatiwa shule ya misheni, akatolewa darasa la sita kwa sababu ya mwalimu wa Biblia aliyewafundisha kwamba ukipigwa shavu moja geuza la pili. Dzoro alitaka kujua kama mwalimu mwenyewe angeligeuza. Hakuligeuza, alianguka. Kijana akavuka Makupa kuingia kisiwani na kaptula yake moja, akabeba magunia bandarini mpaka wakubwa wakagundua kwamba anaweza kuhesabu bila kusogeza midomo. Wakampa kazi ya karani wa tali, yaani mtu anayesimama mlangoni mwa ghala na chaki mkononi, akichora mstari kwa kila gunia linalopita, na mwisho wa siku kusema ni mangapi yameingia na mangapi yametoka. Makarani wengine hubishiwa na madereva kila siku. Dzoro alibishiwa mara moja, na yule dereva alikwenda mpaka Voi akiendesha kwa jicho moja.

Alikaa Majengo na mkewe Mbodze, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, ambaye ndiye binadamu pekee aliyewahi kumpiga Dzoro kofi na kubaki na meno yote. Kazi ile aliipenda. Hakusema hivyo, maana hakuwa mtu wa kusema, lakini alilifua shati lake la kazi mwenyewe, na hakumruhusu hata Mbodze kuigusa chaki.

Kampuni ilikuwa ya Thripp na Ndugu. Thripp alikuwa amekufa zamani na hao ndugu hakuna aliyewahi kuwaona, kwa hivyo mtu wa kuchukiwa alikuwa Nicanor, mkubwa wa wafanyakazi, kijana wa tai na mafuta ya nywele, aliyesoma Makerere miaka miwili akaisimulia kama kumi. Nicanor ndiye aliyewaambia makarani wote arobaini kwamba kabati lile likianza kufanya kazi, wao watapumzika. Alilitamka neno "kupumzika" kama padri kwenye mazishi.

Makarani wakavunja vioo vya ofisi. Kampuni ikaita askari. Askari wakavunja makarani. Baada ya majuma ya mchezo huo, Afisa wa Kazi, mzee mwenye pumu aliyetaka kufika siku ya kustaafu akiwa hai, akawaketisha pande zote mbili mezani kwake. Tarehe nane Machi wakatia saini mapatano, na ndani yake yalikuwamo masharti mawili ya kuyakumbuka. La kwanza, mashine yoyote itakayoanza kazi baada ya siku hiyo haitamtoa karani yeyote kazini. La pili, karani atakayeinua mkono juu ya mtu wa kampuni baada ya siku hiyo amejitoa mwenyewe. Sharti la pili liliandikwa kwa wingi, makarani wote, lakini kila aliyekuwamo mle chumbani alimtazama Dzoro.

Alitia saini kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado umefungwa bendeji.

Mwezi wa Juni wote arobaini wakafukuzwa. Sababu aliyoitoa Nicanor ilikuwa tamu kama sumu ya panya: mashine haikuanza baada ya mapatano, ilianza kabla. Ilitiwa roho tarehe mbili Machi.

Hapo pana jambo la kuelezwa. Kabati lile lilipofika Januari lilikuwa kabati tu. Lilikuwa na taa, nyaya na feni, lakini ukiliambia lihesabu, lilikuwa sawa na kuiambia meza. Ili liwe na akili, ilibidi litiwe kwanza ile amri kuu inayozitawala amri nyingine zote. Siku hizi wasomi huiita mfumo endeshi, na hulitamka jina hilo wakiwa wamefumba macho. Injinia wa Kizungu aliyekuwa akija kutoka Nairobi aliibeba amri hiyo kwenye utepe mkubwa uliozungushwa kama filamu ya sinema, na kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akaiita roho. Jina likashika. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba mashine huanza kazi siku ya kutiwa roho, si siku ya kushushwa kwenye lori. Kwa hivyo shauri lote, riziki ya watu arobaini na mabibi zao na watoto wao, lilisimama juu ya swali moja: roho ilitiwa lini?

Injinia angelijibu, lakini alikuwa amekwisha kurudi kwao Uingereza na haikujulikana ni mji gani. Alikuwa akija na kuondoka, Januari, Februari, Machi, na chumba cha mashine kilifungwa wakati wote kwa sababu mashine ilitaka baridi. Makarani hawakuona kitu ila mlango.

Dzoro alikuwa na miaka thelathini na kitu, hakujua kazi nyingine, na katika kisiwa kizima hapakuwa na tajiri wa kumwajiri mtu ambaye sifa zake zilisomwa kwenye makovu ya wengine. Ile chaki ikimtoka mkononi, imetoka moja kwa moja. Yeye alilijua hilo, Mbodze alilijua, na Nicanor alilijua zaidi ya wote.

Makarani wakaenda kukaa langoni wasipitishe lori. Nicanor akatuma Mwembe Tayari, kituo cha mabasi ya bara, akakodi mapande ya watu yanayoshindana kubeba magunia ya viazi kwa meno. Yakaja na marungu na minyororo ya lori, na kwa kuwa hayakuwa watu wa kampuni, sharti la pili halikuyalinda. Hakukuwa na maneno ya utangulizi. Wa kwanza alimtwanga Dzoro rungu la mgongo. Dzoro akageuka polepole, kama mtu aliyeitwa jina akiwa sokoni, akamshika shingo na kiuno, akamzamisha kichwa chini miguu juu ndani ya pipa la grisi. Wa pili alimng'oa Dzoro meno mawili. Dzoro akayatema, akamng'ata sikio, akalitema na hilo pia. Wa tatu akasema, "Mimi nimepita tu hapa," akakimbia kuelekea Changamwe.

Lakini si kila kitu siku ile kilikuwa cha kuchekesha. Mzee Menza, karani mkongwe kuliko wote, alipigwa mnyororo wa goti. Goti likalia kama kijiti kikavu. Mpaka anaingia kaburini, Menza alitembea kama mtu anayeshuka ngazi ambazo wengine hawazioni. Askari walipofika walipiga pande zote mbili bila kuuliza, na huo ndio usawa pekee uliopatikana Shimanzi mwaka ule.

Afisa wa Kazi akasema basi, imetosha, twendeni kwa mashine yenyewe tukaiulize.

Wakaingia kwenye kile chumba cha baridi: Afisa na pumu yake, Nicanor na tai yake, na Dzoro aliyechaguliwa na makarani kuwa macho yao, akiwa na mapengo mapya na wenzake watatu wa kumshika. Mwendesha mashine alikuwa Faraj, kijana wa Kibokoni, mweupe wa shati na mwenye kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amepelekwa Nairobi kufundishwa kuiendesha, akarudi hamsalimu mtu aliyesoma chini yake, na wote walikuwa wamesoma chini yake. Aliipangusa mashine kwa leso yake mwenyewe. Akabonyeza vidude. Mashine ikaanza kutafuna, ta-ta-ta-ta, kama meno ya mtu mwenye homa, ikatoa karatasi. Yalikuwa maneno ya Kiingereza, na mwisho wake siku na mwezi: mbili, kistari, tatu.

"Mbili Machi," akasema Nicanor. "Yasemwayo na mashine hayana upendeleo."

"Nani aliiambia mashine kwamba leo ni tarehe mbili?" Afisa akauliza.

"Mimi," akasema Faraj, na kifua chake kikaongezeka. "Roho ikishaingia, mashine huuliza yenyewe: leo siku ya ngapi, mwezi wa ngapi? Ikishajibiwa haisahau tena. Injinia alikuwa chooni. Alikula kaa wa jana yake, tumbo likamwendesha mchana kutwa. Akapiga kelele huko huko ndani, 'Faraj, jibu wewe!' Nikajibu."

"Na ulijibu kweli?"

"Nilijibu siku ile ile ilivyokuwa."

"Mwongo wewe!" akasema Dzoro. "Wamekununua!"

"Ninunuliwe na nani? Mimi si gunia."

Ukaletwa msahafu. Faraj akatawadha, akaweka mkono, akaapa kwamba siku na mwezi alioutia ndio uliokuwa. Aliapa bila kupepesa, kwa sababu hakuwa akisema uongo, na hilo ndilo lililomchanganya Afisa, maana alikuwa amezoea viapo vya aina nyingine. Akakohoa. Akasema wiki ijayo analifunga shauri, na mwenye ushahidi mwingine aulete.

Kwa akili ya Dzoro, ushahidi ulikuwa ndani ya Faraj, na kitu kilichomo ndani ya mtu hutolewa kwa kumtikisa. Akavaa shati safi.

"Waenda wapi?" Mbodze akamuuliza.

"Kibokoni. Kumuuliza yule kijana."

"Ukimpiga, lile sharti la pili litakumaliza."

"Sitampiga. Nitamuuliza."

"Wewe, Dzoro," akasema Mbodze, "huulizi kwa mdomo."

Alasiri hiyo Dzoro akapiga hodi kwenye nyumba ya ghorofa moja, kwenye kichochoro chembamba ambacho mabega yake yalikipita ubavu ubavu. Faraj aliishi na mama yake, Bi Khairiya, mjane mwenye macho makali, ambaye wakati huo alikuwa ameketi uani akitwanga bizari kwenye kinu, mchi mkononi.

"Hodi ya nani?"

"Ni Dzoro, mama. Wa kazini kwa Faraj."

"Karibu, baba, pita. Hujambo? Mkeo hajambo? Na wazazi wako hai? Alhamdulillahi. Na huko kwenu mvua imenyesha? Mbona una mapengo, maskini, umeanguka? Kaa. Faraj yuwapumzika, atashuka saa hii. Kahawa wanywa?"

Dzoro hakuwa amewahi kuulizwa hali kwa urefu namna ile. Kufikia kwenye mvua, hasira yake ilikuwa imeanza kutafuta mlango wa kutokea. Akakaa kwenye mkeka, akashika kikombe kwa vidole viwili, na pengine siku ingeisha kwa amani. Lakini Faraj akashuka ngazi na kikoi chake, kijiti cha meno mdomoni.

"Mama! Nani amemkaribisha huyu mkwezi wa minazi ndani ya nyumba yetu?"

Kikombe kilifika sakafuni baada ya Faraj. Ngumi ile ilikuwa ya mkono wa kulia, uliokuwa umepona vizuri, na pua ya Faraj ikalala upande kama mlango uliong'oka bawaba. Damu ikaruka mpaka kwenye bizari. Faraj, ambaye wengi walidhani ni wa kalamu tu, akamrukia Dzoro tumboni, akamng'ata kifundo cha mkono na kuning'inia hapo kama kaa. Wakabiringika. Wakaliangusha jiko. Dzoro alikuwa ameinua mkono wa pili wakati Bi Khairiya alipofika na ule mchi, akampiga wa bega, pu! Mkono ukashuka wenyewe. Akampiga wa pili mgongoni. Halafu, kwa kuwa mikono ilikuwa imekwisha kupata moto, akampiga na mwanawe wa mapajani.

"Nyumba yangu! Bizari yangu! Nyie wanaharamu, mwadhani hapa ni baani?"

Wanaume wote wawili walikuwa sakafuni, mmoja ameshika pua, mwingine bega, na mama akiwa amesimama katikati anahema.

"Haya, semeni. Wewe mgeni, mwanangu amekufanyani?"

"Ametuua, mama," akasema Dzoro. Bega lilikuwa likimtoa machozi, na hakujali. "Watu arobaini. Ameitia ile mashine roho tarehe mbili Machi, sasa hatuna kazi. Nami nasema ni uongo, haikuwa tarehe mbili!"

"Ndiyo ilikuwa!" akasema Faraj kwa sauti ya mtu aliyezibwa pua kwa godoro. "Siku ya injinia na tumbo lake!"

"Ngojeni," akasema Bi Khairiya. "Mzungu aliyeharisha?"

"Ndiye."

"Siku hiyo naikumbuka mimi. Faraj ulikuja jioni ukanisimulia, nikacheka mpaka nikaogopa funga yangu imeharibika. Si tulikuwa tumefunga? Ilikuwa pili ya Mfunguo Tatu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimezianza zile funga za kabla ya Idi ya Kuchinja, na wewe nikakulazimisha, ukawa waninunia kutwa."

"Basi si ndiyo hiyo?" akasema Dzoro, moyo ukimzama. "Siku ya pili, mwezi wa tatu."

Bi Khairiya akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Mwezi wa tatu wenu au wetu?"

Tone moja la damu lilitoka kwenye pua ya Faraj likaanguka kwenye mkeka. Wote walilisikia.

Maana watu wa pwani, kabla ya kalenda za wauza matairi kutundikwa ukutani, miezi huihesabu kuanzia unapofunguliwa mwezi wa Ramadhani. Unaofuata Ramadhani ni Mfunguo Mosi, halafu Mfunguo Pili, halafu Mfunguo Tatu, ambao ndani yake watu huchinja. Na mwaka ule Mfunguo Mosi ulianza Januari imekwisha kuingia siku kadhaa, kwa hivyo miezi ya nyumbani na miezi ya ofisini ilikuwa ikitembea pamoja kama mapacha, mmoja akiwa nyuma ya mwenzake kwa hatua chache tu. Faraj alikuwa na njaa siku ile. Mama yake alikuwa amemwamsha kabla ya alfajiri ale daku, akamwambia leo ni pili. Injinia alipopiga kelele chooni, na mashine ikauliza siku ya ngapi, mwezi wa ngapi, kijana wa Kibokoni aliyefunga aliijibu kwa siku aliyokuwa nayo tumboni. Pili, ya tatu. Alijibu kweli kabisa. Aliapa kweli kabisa.

"Ya Rabbi," akasema Faraj.

Akasimama, kichwa kimeinuliwa ili damu isishuke, akawa anahesabu kwa vidole. Idi ya Kuchinja mwaka ule iliangukia baada ya tarehe ishirini Machi. Hilo walikumbuka wote, kwa kuwa ofisi zilifungwa. Ukirudi nyuma kutoka Idi, ile siku ya pili ya Mfunguo Tatu ilikuwa Machi tayari imefika kumi na kitu. Mapatano yalikuwa ya tarehe nane.

"Baada," akasema Dzoro. "Ilitiwa roho baada!"

"Na wewe umeapa kwa msahafu!" Bi Khairiya akamgeukia mwanawe, na mchi ukapanda tena. "Umeapa, watu wakatolewa riziki zao! Utakwenda ukaseme. Utasema mwenyewe kwa mdomo wako, ama nitaumaliza uso uliobaki!"

"Watanifukuza kazi, mama."

"Mchi huu hapa. Chagua."

Siku ya shauri, ofisi ya Afisa wa Kazi ilijaa mpaka madirishani. Faraj alikuja na pamba puani na macho meusi kama ya komba, mama yake nyuma ndani ya buibui. Akasema yote. Aliposema habari ya njaa watu walicheka, na aliposema habari ya Mfunguo Tatu wale makarani wa Kiislamu walijipiga mapaja, na wale Wakristo wakawauliza wenzao wamecheka nini. Afisa alikuwa mtu wa Vanga, wa pwani mwenyewe. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Akaifungua kalamu yake.

"Roho ilitiwa baada ya mapatano," akasema. "Makarani wote wanarudi kazini."

"Isipokuwa mmoja," akasema Nicanor.

Alikuwa amesimama. Alikuwa akitabasamu, na jasho limemtoka kwenye mafuta ya nywele.

"Sharti la pili, Bwana Afisa. Faraj ni mtu wa kampuni. Mwulize ni nani aliyemvunja pua."

Dzoro alikuwa kwenye benchi la mbele, ameikalia mikono yake yote miwili; Mbodze alikuwa amemwambia aikalie, na asiinuke mpaka atakapoona saini. Alimtazama Faraj. Faraj alimtazama yeye. Kijana alikuwa na kila sababu: pua, kikoi kilichochanika, na kazi yake mwenyewe ambayo kwa neno moja huenda angeiokoa. Akafungua mdomo.

"Ni mimi," akasema Bi Khairiya.

"Wewe, mama?" akauliza Afisa.

"Mimi. Kwa mchi. Mwanangu huyu, tumbo hili ndilo lililomzaa, nampiga nikitaka. Kwani kuna sharti?"

"Utaapa, mama?"

"Siapi. Nimekuja kumsikiliza mwanangu, sikuja kuapa. Umeuliza, nimekwambia."

Faraj akashusha macho. "Ni mama," akasema polepole. "Mkono wake mzito."

Afisa alikohoa kwa muda mrefu kuliko pumu ilivyohitaji, akiwa ameziba mdomo kwa leso. Halafu akaichovya kalamu. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi. Kilichobaki kilikuwa mkwaruzo mmoja wa wino, na Dzoro wa Karisa angekuwa mlangoni mwa ghala Jumatatu na chaki yake.

"Bwana Afisa," akasema Nicanor, "utaliamini kongwe hili? Hawa wa vichochoroni ni waongo tangu kuzaliwa. Uongo wanauramba pamoja na halua. Mtoe nje huyu bibi, ananuka bizari."

Bi Khairiya aliivuta tu buibui yake, kidogo, upande wa uso.

Hakuna anayejua Dzoro alifikiri nini, na wanaomjua wanasema swali lenyewe ni la kumwonea. Lakini yule mama alikuwa amemuuliza hali ya wazazi wake na mvua ya kwao. Alikuwa amempiga kwa mchi halafu akamdanganyia Serikali. Mikono ikatoka chini ya mapaja.

"Dzoro, kaa!" watu walipiga kelele. "Kaa, we mwendawazimu! Saini! Ngoja saini!"

Hakuzunguka meza, alipita juu yake. Ngumi ya kwanza ilimpata Nicanor kwenye fundo la tai. Ya pili ilimpata mdomoni, na Makerere ikamtoka pamoja na meno ya mbele. Ya tatu haikuwa na haja, lakini alikuwa hajawahi kuishia mbili. Wino ulimwagika kwenye shati la Afisa. Kabati la vitabu likaanguka. Nicanor akaenda nalo, akalala chini ya sheria zote za kazi za Koloni na Jamhuri.

Askari wanne walimtoa. Kabla hawajafika mlangoni, Afisa aliokota kalamu yake sakafuni, akatia saini juu ya meza iliyolowa, makarani thelathini na tisa warudi kazini. Jina la arobaini akalipiga mstari.

"Umeinua mkono mbele yangu, Dzoro," akasema. "Nifanyeje mimi?"

"Andika," akasema Dzoro. "Umenikuta."

Alifungwa miezi sita. Thelathini na tisa wakarudi Shimanzi, Menza akapewa kiti cha kuhesabia. Walimsifu Dzoro sana, kila mahali isipokuwa gerezani, ambako hawakufika. Faraj hakufukuzwa, maana hapakuwa na mwingine aliyejua kuiwasha ile mashine. Nicanor alihamia Kisumu, akatia meno ya dhahabu.

Alipotoka, Dzoro hakupata chaki tena popote. Akaenda Mwembe Tayari, kwa wale wale aliopigana nao, wa grisi na wa sikio, wakamwajiri kupandisha mizigo juu ya mabasi ya bara, walisema wanamjua. Kila Idi, zote mbili, Faraj humjia pale kituoni na sufuria iliyofungwa kitambaa, kutoka kwa mama yake. Pua yake haikunyooka tena. Huiweka sufuria chini, akaisukuma kwa ncha ya kiatu mpaka karibu na basi, akarudi nyuma hatua mbili.

"Sogea basi, Faraj. Tule pamoja."

"Ahsante, Dzoro. Mimi hapa panantosha."